Kilichochorwa Chini ya Kiti

Kwamba mafuta ya kupikia hutoa rangi ya kupuliza kwenye plastiki niliambiwa na Lorine, Jumamosi ya kwanza baada ya Pasaka, mwaka juzi. Nilikuwa nimeketi kizingitini, kopo la thina mkono mmoja, kitambaa mkono wa pili, na mbele yangu kiti cha plastiki kimepinduliwa miguu juu kama mbuzi anayengoja kuchunwa. Kiti kizima kilikuwa cha rangi ya dhahabu.

“Shosho, wacha hiyo!” Lorine, ambaye huniita Shosho, yaani bibi, alipaza sauti. “Thina itakula kiti.”

Alichelewa kidogo. Pale nilipogusa mguu mmoja dhahabu ilikuwa imetoka, lakini plastiki nayo ilikuwa imepauka na kuanza kunata. Doa hilo lipo hadi leo.

Lorine anapaka wanawake rangi ya kucha pale sokoni Umoja, kwa hiyo mambo ya kupaka rangi na kuitoa anayajua. Mafuta kwanza, alisema, uyaache yalale juu ya rangi mpaka rangi ichoke. Kisha ukwangue kwa kadi ya plastiki, si kwa kisu. Inapokataa, spiriti kidogo kwenye pamba. “Na usisugue kwa hasira, Shosho. Ukiwa na hasira unaharibu.”

Hilo la mwisho alilisema akitazama ukuta. Halafu akakohoa kidogo, akatoa alichotumwa. “Mama amesema, kikiwa chako, ukae nacho. Kikiwa si chako, umrudishie mwenyewe kwa mikono yako. Usitume mtu.”

Mama yake ni Nabiswa. Mlango wake na wangu inatazamana, katikati pana karo la kufulia na kamba za nguo, na kwa miaka ishirini na sita hakuna asubuhi iliyopita bila mmoja wetu kuvuka. Chumvi ilivuka, kiberiti kilivuka, watoto walivuka wakiwa na homa. Lakini tangu Septemba nilikuwa nimefunga mdomo. Nikimwona anaanika nguo, naingia ndani.

Na yote kwa ajili ya kiti.

Ploti zetu zina desturi moja ambayo mgeni hawezi kuijua. Kukiwa na matanga au arusi, kila nyumba hutoa viti vyake uani, vikachanganyika, vyote vyeupe, vyote sura moja. Shughuli ikiisha wanawake huvipindua kimoja kimoja na kusoma chini. Huyu ana msalaba mwekundu, yule ana herufi mbili za samawati. Kila mtu huchukua chake, na kama hukuweka alama, shauri yako.

Mume wangu Kiema alikataa kata kata kuweka rangi. Yeye alikuwa mchonga vinyago, mzaliwa wa mji wa Wamunyu, na kiti cha plastiki alikiona kama tusi. Tuliponunua vile sita alivizunguka mara mbili, akavigonga kwa kidole, akasema, “Hiki hakina nyuzi. Hakijawahi kuwa hai.” Baadaye akatia msumari kwenye jiko la makaa mpaka ukawa mwekundu, akaushika kwa koleo, akachora chini ya kila kiti mnyama mmoja. Moshi ulitutoa wote nje. Twiga, fisi, kobe, swara na sungura walikuwa wa watoto. Cha sita kilikuwa changu, naye alinichorea kanga, madoa yote, doa baada ya doa, akisema ndege huyu hutembea kwa haraka na maneno mengi kama mtu fulani anayemjua.

Ni mwaka wa sita sasa tangu Kiema afe. Vinyago vyake viliuzwa kwa wageni, vikaenda na ndege. Kilichobaki na mkono wake hapa nyumbani ni viti vile.

Basi tukawa na matanga ya mzee mmoja wa ploti ya nyuma. Nilitoa viti sita, vikarudi vitano. Nilipindua viti vya watu mpaka kiuno kikalia. Kanga hakuonekana. Walisema huenda alipanda lori pamoja na waombolezaji akaenda mazishini Bungoma. Nikanyamaza, maana mwenye msiba ana makubwa zaidi.

Septemba iliyofuata Lorine aliletewa mahari. Vijana walipulizia viti vya mstari wa mbele, vya Nabiswa mwenyewe, rangi ya dhahabu ili wakwe wakalie kama wafalme, na mimi, kama mama jirani, nikaketishwa huko mbele. Rangi haikuwa imeshika vizuri. Kila aliyeinuka aliondoka na dhahabu makalioni, nasi tulicheka. Nilikuwa bado nacheka mkono wangu uliposhika ukingo wa kiti kwa chini, vidole vikaingia kwenye mifereji. Mfereji wa mgongo. Mfereji wa shingo. Ndege.

Vidole vyangu viliujua mkono ule. Nimeolewa na mkono ule miaka thelathini na minane. Kicheko kilinikauka.

Sikusema kitu. Hapo ndipo nilipokosea. Ningepindua kiti pale pale mbele ya wakwe, tungemaliza. Badala yake nilimeza, nikaenda nacho tumboni miezi saba, mpaka siku moja penye mfereji wa maji nikamwambia mwanamke mwenzangu, “Kuna watu wanakalia mali ya marehemu na wanalala usingizi.” Neno hilo lilifika kwa Nabiswa kabla ndoo yangu haijajaa. Naye ndipo akanitumia kiti, na Lorine, na ule ujumbe.

Nikamwaga mafuta. Sasa nilikuwa karibu kupata kitu changu, na nilikuwa nimejitayarishia na maneno ya kumwambia Nabiswa, makali, yamepangwa kama vyombo kabatini. Lorine aliketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, akanipa kadi yake ya zamani ya benki. Nikangoja. Mimi najua kungoja. Nimechemsha mahindi na maharagwe ya githeri maisha yangu yote.

Rangi ilichoka kweli. Ilianza kujikunja kama ngozi ya maziwa. Niliikwangua polepole, nikapangusa, nikatia pamba spiriti, nikapangusa tena, na plastiki nyeupe ikatokea kwa vipande vidogo. Lakini ndani ya mifereji dhahabu ilikataa kutoka. Ilikaa humo, nyembamba, kwa hiyo jinsi weupe ulivyoongezeka ndivyo mchoro ulivyojitokeza, mstari wa dhahabu juu ya weupe. Mkia. Mgongo. Miguu miwili mifupi.

“Kanga wangu,” nilisema.

Nikatafuta madoa. Nikapangusa ubavu wote, taratibu, nikijua kila doa mahali pake. Ubavu ulikuwa laini kama yai. Nikahamia kichwani. Kanga ana pembe ndogo moja ya mfupa utosini. Huyu alikuwa na kilemba cha nyama, meno meno, na chini ya mdomo ndevu mbili. Pembeni yake palikuwa na sufuria ndogo, kifuniko kikiwa kimeinuka kwa mvuke.

Lorine aliinama, akatazama, kisha akatazama kando haraka ili nisione anavyobana kicheko.

“Shosho. Hiyo ni kuku.”

Mkono ulikuwa wa Kiema. Hapo sikukosea. Lakini kuku huyu sikuwa nimemwona maisha yangu yote. Nilikaa pale, mafuta yakinichuruzika mpaka viwikoni, nikimtazama. Miaka minne tangu tumzike Kiema, na bado alikuwa na kitu kipya cha kunionyesha. Yale maneno makali niliyatafuta, sikuyaona.

Nilikiosha kiti kwa sabuni, nikajitwika kichwani, nikavuka. Lorine alitaka kunisaidia, nikamkataza. Nguo zilizoanikwa zilinipiga usoni moja baada ya nyingine.

Nabiswa alikuwa akichagua mboga mlangoni. Hakuinuka.

“Mama Nzuki,” aliniita, “umepata kanga?”

“Nimepata kuku.”

“Alikuwa wa kienyeji au wa duka?”

Nilitua kiti. Nikamwambia, “Mama Lorine, nimekukosea. Nilikuita mwizi bila kukuuliza.”

Aliendelea kuchambua majani ya kunde, matatu, manne. “Kuna siku ulikuwa umeenda kwenu Kitui,” alisema mwishowe. “Nilimpikia Kiema kuku mzima, akasema ataonja tu. Akamaliza mpaka mchuzi. Kesho yake akaja na msumari wake, akachora chini ya kiti changu, akasema hii ndiyo risiti.” Akacheka, kisha akapangusa macho kwa mgongo wa mkono. “Aliniomba nisikwambie, ndiyo maana kiti hiki sikukitoa uani mpaka siku ya mahari. Ati ulikuwa umemwambia apunguze kula.”

“Mbona hukuniambia, hata juzi?”

“Ungeniamini?”

Nilivuta kigoda, nikachukua fungu langu la kunde.

Siku ile tulikula kwake. Dhahabu ya kwenye mifereji alisema isiguswe, nami sijaigusa. Kanga wangu hadi leo sijui yuko wapi. Labda yuko Bungoma, ameketiwa na mtu mwema. Baada ya chakula jua la saa tisa liliingia mpaka katikati ya sebule. Lorine alijinyoosha kwenye mkeka, akalala huku simu ikiwa mkononi. Nabiswa alisema yeye hasinzii, anafunga macho tu, kisha akaanza kukoroma juu ya kuku wake. Nilimsikiliza kwa muda. Nilikuwa nimeikosa hata sauti hiyo. Vidole vyangu vilinuka spiriti na kunde, na kope zikawa nzito, nami sikuzizuia.