Waajiri Wawili wa Goreti

Mjini Nachingwea watu walisema Goreti analipwa kwa kucheza, na wakisema hivyo walibetua midomo. Jioni wakipita kando ya kiwanja cha Kituo cha Vijana Tupendane walimkuta katikati ya mabinti wa netiboli, suruali ya michezo chini ya kanga, filimbi mdomoni, anakimbia huku na huko bila kujali kwamba yeye mwenyewe ni mama wa mtoto wa darasa la sita. "Na hiyo nayo ni kazi?" waliulizana. Ilikuwa kazi, tena ya kuvunja mgongo. Asubuhi alifagia ukumbi, mchana akashona mipira iliyochanika, jioni akafundisha, na katikati ya hayo akaamua ugomvi wa watoto wa nusu ya mji, pamoja na ugomvi wa mama zao. Wale waliombetulia midomo ndio hao hao waliomwachia watoto wao mpaka giza linaingia. Kwa yote hayo kamati ya kituo ilimpa shilingi elfu kumi na nane kwa mwezi.

Rafiki yake wa tangu shuleni, Mwanabibi, alikuwa Ruangwa, kwenye ghala la mnunuzi mmoja wa korosho. Mwaka ule wa 2003 alimfuata Goreti mara mbili kumshawishi.

"Bosi anatafuta mtu wa kusimamia akina mama wanaochambua korosho," alisema. "Mshahara mara tatu ya huo wa filimbi. Njoo bwana, utakufa maskini na hao watoto wa watu."

"Mshahara wangu mdogo, lakini ukiwa na akili unatosha," Goreti alimjibu.

Alilisema hilo kwa maringo kidogo, na aliliamini kabisa. Kodi ya chumba alilipa kwa wakati. Mafuta ya taa, sabuni, madaftari ya binti yake Eva, vyote vilipatikana, na mwisho wa mwezi hakuna aliyekuja kumgongea mlango akidai chake. Majirani waliomzidi mshahara ndio waliokuja kumwomba chumvi. Moyoni aliwaona hawana mipango. Na mabinti wa kiwanjani aliwapenda mno. Kuwaacha ilikuwa ni kama kuambiwa aache kupumua, kwa hiyo maadamu pesa ilimtosha, hakuona sababu ya kwenda popote.

Kulikuwa na jambo dogo ambalo katika hesabu zake hakuwahi kuliweka. Kila baada ya muda, Ausi, mchuuzi wa samaki wakavu, alitokea Marambo, kijijini kwao Goreti, na baiskeli yake, na nyuma ya matenga ya samaki kulikuwa na kiroba cha unga wa muhogo. Juu yake mbaazi, mara nyingine kunde au karanga, siku nyingine kuku aliyefungwa miguu. Vilitoka kwa baba yake, mzee Ildefonsi.

"Mzee anasema panya wamezidi ghalani," Ausi alimwambia kila mara. "Anaomba umsaidie kula kabla hawajamaliza."

Goreti alimhurumia baba yake. Zamani mzee alikuwa na ghala lisiloingiza hata mdudu, sasa uzee umemshika. Basi akipokea mshahara alipitia dukani, akanunua sumu ya panya na kumpa Ausi apeleke. Alijisikia vizuri sana, mtoto anayemkumbuka mzazi. Ausi aliichukua ile sumu huku midomo ikimcheza kwa kicheko. Goreti hakushangaa, maana Ausi alikuwa mtani wa ukoo wao, na mtani hana siku ya kuonekana mtu wa maana.

Mwezi wa tisa, jioni moja, Ausi alikuja mpaka kiwanjani. Baiskeli ilikuwa tupu, haina samaki wala kiroba. Alisimama nje ya mstari akisubiri mchezo usimame, na Goreti alipomwona amevua kofia, alijua. Waliondoka vile vile, yeye na Eva na nguo za mwilini, wakapata lifti ya gari la mizigo.

Asubuhi ya maziko hakuna aliyekumbuka, hata yeye mwenyewe, kwamba filimbi bado ilikuwa inaning'inia shingoni mwake.

Ausi alifanya kazi yake ya utani kama inavyotakiwa. Aliruka ndani ya kaburi, akalala chali, akasema nyumba hii nzuri ni yake, anayetaka kumlaza humu yule mzee mchoyo alipe kwanza. Watu walicheka huku machozi yakiwatoka, wakamtupia sarafu mpaka akakubali kutoka. Halafu akamjia Goreti. Aliichomoa filimbi shingoni mwake akainyanyua juu.

"Nimekamata mali ya tajiri!" alipaza sauti, akimwita mke kama watani wafanyavyo. "Mke wangu huyu anafanya kazi ya mshahara mjini, sisi huku tunakula vumbi. Filimbi hii inakombolewa kwa mshahara wa mwezi mmoja. Autaje hapa hapa, tusikie wote."

Mtani hakasirikiwi, na ukimdanganya unajiongezea faini. Goreti aliinamisha kichwa.

"Elfu kumi na nane."

Watu waliangua kicheko. Walidhani anapunguza bei, maana mtani akikukamatia kitu ndivyo inavyokuwa, yeye anapandisha nawe unashusha mpaka mkutane. "Panda juu!" mmoja alimpigia kelele. Bibi mmoja akasema mtoto huyu ana ubahili wa babake.

"Elfu kumi na nane," Goreti alirudia.

Ausi peke yake hakucheka. Aligeuka akawatazama watu.

"Mnacheka nini? Anasema kweli," alisema. "Marehemu aliniambia mwenyewe. Alisema, Ausi, mwanangu ana waajiri wawili, kamati ya mjini na jembe langu. Usimwambie, ataacha kazi anayoipenda. Mwambie panya." Kisha akamrudia Goreti, na ule utani wake ukawa hauna pa kushika. "Nawe ukamletea sumu! Mzee alicheka mpaka akakaa chini. Haya, mke wangu, leo mwajiri mmoja tunamzika. Filimbi yako chukua. Kwa bei hiyo nitakuwa nakuibia."

Kicheko kilikatika. Ausi alimvisha filimbi shingoni, akashika sepetu, wakazika.

Baada ya watu kutawanyika Goreti aliingia ghalani. Lilikuwa kavu, limekandikwa vizuri, halina hata tundu la kupitisha kidole. Pakiti zake za sumu zilikuwa zimechomekwa kwenye makuti ya paa, zote, hakuna iliyofunguliwa. Alikaa chini kwenye udongo akalia, na aibu ilimuuma kuliko hata msiba. Ile akili aliyokuwa anajisifia kwa Mwanabibi ilikuwa mgongo wa mzee wa miaka sabini, umeinama shambani.

Alivyorudi mjini alikwenda moja kwa moja kwa Bwana Edwin, mwenyekiti wa kamati ya kituo, mtu mpole mwenye duka la vifaa vya ujenzi.

"Pole sana na msiba, mwalimu," Edwin alisema.

"Ahsante. Mzee alikuwa mwajiri mwenzenu, mwenyekiti. Mlikuwa mnanilipa wote wawili. Yeye ameondoka, nami nimekuja kuomba fungu lake mlichukue nyinyi, maana bila hilo siwezi kukaa."

Edwin hakuelewa, na alipoelezwa akaelewa, alikuna kichwa kwa masikitiko ya kweli.

"Tungekuwa nazo tungekupa. Lakini nawe fikiria, mwalimu. Si kazi ya kutumia nguvu. Ni kucheza na watoto. Kuna wanaoweza kuifanya bure."

"Hata mimi nilikuwa naifanya bure," Goreti alisema. "Sikujua tu nani analipa."

Akaivua filimbi akaiweka juu ya kaunta, kando ya misumari. Kiwanjani hakupita. Alijua akiwaona wale mabinti atabaki, na akibaki Eva atalala njaa. Wiki ile ile walimfuata Mwanabibi Ruangwa.

Kazi ya ghalani haikuwa na filimbi wala vicheko, bali vumbi la korosho na akina mama wachovu. Pesa yenyewe ilikuja kama ilivyoahidiwa. Mshahara wa kwanza ulipotoka, Goreti alifunga noti kwenye pindo la kanga akaenda sokoni, akasimama mbele ya mama mmoja anayeuza unga wa muhogo.

"Kiroba hiki bei gani?"

Mama akamtajia. Goreti akadhani amesikia vibaya, akauliza tena. Bei ilikuwa ile ile.

"Vipi dada, mbona unashtuka?" mama yule alimtania. "Huko ulikotoka unga mlikuwa mnapewa bure?"

"Ndiyo," Goreti alisema. "Nilikuwa napewa."

Alilipa bila kuomba apunguziwe. Mama akamsaidia kujitwisha, akamshika mkono kidogo kabla hajaondoka.

"Ukifika usiuache wazi, dada yangu. Huku kwetu panya wamezidi."

Goreti alisimama pale pale, kiroba kichwani, akalia mbele za watu wa sokoni, na mama wa watu akabaki anauliza amesema nini kibaya.