Shangazi Ukingoni mwa Mwamba

Shangazi alisimama ukingoni mwa mwamba, uso kwangu, mgongo kwenye shimo, na alikuwa anazungumza. Alisema kofia ngumu inambana masikio. Alisema mikanda ya kiunoni imeshonwa na fundi wa kulipua kazi, uzi mzuri kwenye mshono mbaya. Kamba ilitoka kiunoni mwake, ikapita kwenye chuma kilichofungwa jiweni, ikaja mpaka mikononi mwangu.

Pembeni, mwalimu wetu alikuwa amekunja mikono. Siku ya mtihani haruhusiwi kusema lolote, ila akiona hatari. Akisema, mtihani umekwisha, na aliyeshika kamba ameshindwa.

Baba alifariki nikiwa darasa la tano. Dada yake akanichukua, na shule ikaishia hapo. Nilikua chini ya meza ya cherehani yake, nikifumua mishono na kushona vifungo, na Shangazi akizungumza kwa niaba yetu sote wawili. Mteja akiniuliza jina langu, yeye ndiye aliyejibu. Sikuona ubaya. Maneno yalinikaa kooni kama tonge kavu, na yeye alikuwa nayo ya kutosha nyumba nzima.

Kisha nikasikia kuhusu kituo kinachofundisha vijana kuongoza wageni porini: kupanda milima, kupiga kambi, kushuka miamba kwa kamba. Hawakutaka vyeti vya shule. Walitaka miguu na subira. Nilipomweleza, Shangazi aliacha kukanyaga cherehani, jambo lisilotokea mara nyingi.

"Mtu anasomea kutembea?" aliniuliza. "Mimi natembea tangu sijaota meno, na hakuna aliyenipa cheti."

Lakini aliniacha niende, kwa sharti moja. Nikianguka mtihani, narudi kwenye vifungo, na habari ya milima nisimtajie tena.

Nilipenda kila kitu pale. Nilipenda kupanga mizigo, vizito karibu na mgongo, na kutazama mawingu kabla ya kuwaahidi watu chochote. Mafundo niliyashika upesi, maana vidole vyangu vilikwisha kuzoea uzi. Kilichonishinda ni sauti. Kwenye kamba hakuna anayesogea bila kuita na kuitikiwa, na anayeongoza ndiye mwenye neno la mwisho.

Siku moja mwenzetu mrefu, tuliyemwita Twiga, alikuwa juu ya mwamba, mimi chini nimeshika kamba yake. Akaita kuuliza kama nimemshika. Nilikuwa nimemshika barabara. Nikatikisa kichwa kukubali. Akaita tena, nami nikatikisa kwa nguvu zaidi. Jiwe lilikuwa limetokeza kati yetu, hanioni, basi akabaki amenata pale kama mjusi ukutani hadi mwalimu alipomwitikia kwa niaba yangu.

Alipofika chini hakunifokea. Alifuta jasho, akasema, "Dada, kichwa chako hakisikiki mpaka juu."

Walicheka, nami nikacheka nikiangalia viatu vyangu. Jioni mwalimu aliniambia kwamba mikono yangu anaiamini, ila mtu aliye juu haioni mikono. Alicho nacho ni sauti yangu tu. Tangu siku hiyo nikawa najificha nyuma ya tangi la maji, naliambia nimelishika, lishuke.

Kituo kile kilikuwa na desturi yake. Kwenye mtihani, kila mwanafunzi alileta mtu wa kwao ambaye hajawahi kugusa kamba, akamshusha. Mwalimu alisema mgeni atakutii kwa sababu hakujui; kazi ni kumwongoza aliyekufuta kamasi. Twiga alimleta mdogo wake. Mimi sikuwa na mwingine. Nilipomwomba Shangazi nilijua atakataa, lakini alifunga duka akaja, amevaa viatu vya harusini, ikabidi tumwazime raba.

Sasa alikuwa ukingoni, na kazi yake ilikuwa moja: kuegemea nyuma na kuiachia kamba uzito wake wote.

"Shangazi, kaa nyuma," nilisema.

Aliendelea na habari ya mshono. Nikarudia. Alikuwa amehamia kwa jirani yetu na kuku wake. Ndipo nilipomtazama vizuri. Midomo ilikuwa imemkauka. Vidole vilivyoshika kamba vilikuwa vimepauka. Hivi ndivyo alivyozungumza siku tuliyomzika Baba, bila kituo, akimsimulia kila aliyeingia bei za vitambaa, na mimi mtoto nikadhani hana uchungu.

Mguu wake ulianza kuteleza kuelekea pembeni, penye ukungu wa kijani. Mwalimu akakunjua mikono.

"Nyamaza, Shangazi."

Sikupiga kelele. Hata leo, kwa wageni wangu, sijawahi kulitumia neno hilo. Nadhani nililimaliza lote siku ile. Alinyamaza. Alinitazama kama mtu aliyegongewa mlango ambao hakujua kama upo.

"Nimekushika," nilisema. "Rudisha mguu. Niangalie mimi. Kaa kama unayekaa kwenye kiti chako cha kazini."

Akarudisha mguu. Akakaa. Kamba ikakaza, na mwili wake wote ukaja mikononi mwangu, yeye aliyenibeba mgongoni kutoka makaburini. Nikaiachia kamba kidogo kidogo. Kiuno kikazama ukingoni, kisha mabega, kisha ile kofia iliyombana. Nikabaki na uzito tu, na upepo.

Halafu uzito ukaondoka. Nilisubiri aite. Kiongozi haachi nafasi yake kuchungulia. Lazima aitikiwe kwanza. Kimya. Tangu nimjue, sijawahi kumsikia Shangazi kimya kiasi kile.

"Shangazi! Umefika?"

Sauti ilitoka tumboni, ikagonga mwamba wa pili ikarudi. Hata lile tangi halikuwahi kuipata. Mwalimu akageuka kunitazama, kisha taratibu akakunja mikono yake tena.

Kutoka chini ikapanda sauti ndogo, yenye adabu, kama ya mtoto aliyenyoosha kidole darasani.

"Nimefika. Sasa naruhusiwa kusema?"

"Sema, Shangazi," nilimjibu, nikaanza kuvuta kamba juu.