Hospitali Isiyo na Wagonjwa

Wakili alifika chekechea ya chuo kikuu asubuhi akiwa na suti nyeusi na uso wa kesi. Alikuwa amekuja kumhamisha binti yake.

"Mwalimu, sikuja kugombana," alisema, ingawa sauti yake ilishaanza kugomba. "Mwanangu yuko hapa tangu mwaka uanze. Kila jioni anarudi na rangi kwenye nywele na mchanga kwenye soksi. Lini atarudi na a, e, i, o, u?"

Mwalimu mkuu alikuwa mama wa makamo ambaye watoto walimwita Bi Taratibu, kwa kuwa hakuna aliyewahi kumwona akikimbia. Malalamiko ya aina hiyo alishayazoea kama mpishi alivyozoea moshi.

"Herufi zinakuja, mama. Kwa sasa anajifunza kitu kigumu zaidi."

"Kitu gani hicho?"

"Twende ukajionee mwenyewe."

Alimpeleka kwenye chumba chembamba, chenye giza, kilichopakana na ukumbi wa kuchezea. Ukutani palikuwa na kioo kipana. Ukiwa upande wa watoto ulijiona mwenyewe. Ukiwa upande huu uliona kila kitu, na spika ndogo ilikuletea maneno yao. Wanachuo wa ualimu walikaa hapo kujifunza kwa kutazama. Watoto wenyewe walilijua jambo hilo, na asubuhi wengine walibandika pua kwenye kioo wakawaamkia "watu wa ukutani". Wanachuo walisogea, wawili hao wakapata nafasi kwenye benchi.

Binti wa Wakili aliitwa Kasuku, maana alianza kuongea anapofumbua macho na kunyamaza usingizi unapomzidi nguvu. Leo alikuwa amejenga hospitali ya vipande vya mbao, akaijaza wagonjwa.

"Wewe, lala! Wewe, shika dripu! Wewe, usicheke, hospitalini hakuna kucheka!"

"Lakini leo daktari ni mimi," alisema msichana mwenye vishungi viwili. "Jana uliniahidi."

"Nimesema hapana. Na mimi nikisema, nimesema!" Kasuku aliinua kidole, akakunja nyusi.

Mwanachuo mmoja alipasuka kicheko, akakigeuza kikohozi. Kidole kile na nyusi zile zilikuwa zimeketi hapo hapo kwenye benchi, ndani ya suti nyeusi.

"Hayo kayatoa wapi?" Wakili alinong'ona. Kisha akajifuta jasho la shingoni.

Mambo yakaharibika upesi. Aliyeshika dripu aliitupa chini. Mgonjwa wa kwanza akapona ghafla, akaondoka. Wa pili akamfuata. Mwenye Vishungi alikusanya bendeji, akafungua kliniki yake chini ya meza, na haukupita muda foleni ikafika dirishani. Kasuku alibaki peke yake katikati ya vitanda vitupu.

"Hospitali iko wazi!" alipiga kelele. "Dawa zipo!"

Hakuna aliyegeuka. Mdomo wake wa chini ukaanza kutetemeka.

Wakili akasimama. "Mwambie yule dada awarudishe! Si unaona wanamtenga?"

Yule dada alikuwa mwanachuo wa mazoezi ya ualimu. Alikuwa amechuchumaa karibu na watoto, akikitazama kioo kwa kuibia, maana walikubaliana kwamba Bi Taratibu akitaka aingilie, atagonga. Bi Taratibu alishaweka vidole kwenye kioo. Hakugonga.

"Ngoja kidogo, mama."

"Analia!"

"Namwona. Nami naumia. Lakini nikiwarudisha mimi, watakuwa wamerudi kwa ajili yangu. Kesho watamkimbia tena."

Kasuku alijifuta kamasi kwa mkono wa sweta, akaiendea ile meza. "Kliniki yenu mbaya," alitangaza. Foleni ikaendelea kusogea. Akachukua shuka alifanye mlango. "Hatutaki," akaambiwa. Basi akakaa chini, akatazama tu. Wakili naye akakaa, polepole, bila kumwondolea macho.

Aliyefuata kwenye foleni alikuwa mtoto aliyebeba mwanasesere mwenye jicho moja.

"Anaumwa nini?" Kasuku aliuliza, safari hii kwa sauti ya chini.

"Tumbo."

"Tangu lini?"

"Tangu alipokula mchanga."

"Masikini. Pole." Akamshika mwanasesere kichwa, kisha akainama chini ya meza. "Daktari, huyu ana hali mbaya. Anaweza kupita mbele?"

Mwenye Vishungi alifikiri kwa uzito wa daktari bingwa. "Apite. Na wewe kaa hapo hapo, uwe unawauliza."

Kazi hiyo ilimkaa Kasuku kama kiatu cha saizi yake. Aliuliza, akawapa pole, akawachekesha wagonjwa. Kliniki ikafurika mpaka miguu ikatokeza nje, na daktari akatoa kichwa: "Nafasi imekwisha. Kwako kuna vitanda?"

"Vipo tele!" Kasuku aliruka, kisha akasita. "Njooni tuvipange wote."

Bi Taratibu aliondoa vidole kwenye kioo. Wakili alishusha pumzi.

"Nilidhani atamsukuma mtu."

"Hata mimi nilikuwa na wasiwasi huo. Mwanzo wa mwaka angesukuma. Siku hizi anauliza. Somo lenyewe ndilo hilo."

"Nina wateja watu wazima ambao somo hilo liliwapita kando," alisema Wakili, na kwa mara ya kwanza asubuhi ile akacheka. "Haya, abaki. Lakini herufi zangu nazidai."

"Muhula ujao zitaanza kutoka zenyewe. Zisipotoka, nishitaki."

Wakili alipokwisha kwenda kazini, yule mwanachuo wa kikohozi alinyoosha mkono. "Mwalimu, na kama kweli angesukuma?"

"Ningegonga kioo mpaka kipasuke. Kungoja si kulala, mwanangu." Bi Taratibu alifungua mlango. "Inukeni, mkawanawishe watoto mikono. Na mmoja wenu ampongeze mwenzenu kule ndani. Kukaa bila kuingilia ni kazi kubwa, na leo ameiweza."