Kidole Gumba cha Baba

Chenga alijipeleka mwenyewe kituoni saa nne asubuhi, akasema ndiye aliyemuua mwenye duka la mbao kwa nyundo. Askari wa zamu alimwambia arudie, akidhani hakusikia vizuri.

Dada yake alizipata habari akiwa kazini, vyumba viwili tu kutoka mahabusu. Kazi yake ilikuwa kulinganisha alama za vidole. Hakushangaa sana, na hilo lilimwuma. Chenga ni jina alilopachikwa mdogo wake na baba yao, seremala: watoto wa wenzake mchele, wake chenga. Mara tatu alimfukuza karakanani, ya mwisho kwa sababu ya mlango uliopwaya kwenye fremu kama suruali ya kuazima.

Alama ya damu kutoka kwenye kioo cha ofisi ya marehemu ilikuwa mezani tangu jana. Akaiweka chini ya lenzi.

Haikuwa ya Chenga.

Kovu lilikikata mshazari kidole gumba chote. Kovu hilo alilijua. Siku msumeno ulipoteleza, ni yeye aliyekifunga kidole kile kwa kitambaa chake cha kichwa. Aliangalia tena, na tena, kana kwamba mistari ingemwonea huruma ihame.

Mchana alimkuta baba yake akipiga randa.

"Baba, Chenga yuko ndani."

"Najua. Nimemsindikiza mpaka kona."

"Kidole kilichoko kwenye kioo ni chako."

Randa ikasimama. "Yule mwenye duka aliniita mwizi mbele ya mafundi wangu. Mimi, na mvi hizi!"

"Ndiyo umtoe kafara mwanao?"

"Sikumtoa. Nilimweleza, akasema, 'Baba, nitabeba mimi.' Leo ndiyo nimejua nina mtoto wa kiume." Macho yalimng'aa kwa fahari. "Na wewe, mwanangu, ukinyamaza, nitajua nimezaa wawili."

Mwanangu. Tangu avae sare, baba hakuwahi kumwita ila "wewe polisi". Neno lile alilolingoja miaka yote lilimfikia pale, katikati ya maranda. Akatoka bila kuaga.

Mahabusu, Chenga alisogea kwenye nondo akitabasamu.

"Dada, kanishika bega. Baba! Kaniambia mimi ni mwanaume. Tafadhali usiniharibie."

"Mtu amekufa, Chenga. Utafungwa maisha."

"Maisha gani niliyokuwa nayo?"

Miguu ilimpeleka kwa mkuu wake kabla moyo haujakubali.

"Afande, alama hii apewe mwenzangu aipime upya. Ni ya baba yangu."

Mkuu aliweka kalamu chini, akaipokea.

Kabla ya jua kutua baba aliletwa, aproni bado kiunoni. Alipita mbele ya binti yake kama apitaye mbele ya ukuta. Chenga aliandikisha maelezo mapya, akaachiwa. Lakini hakwenda nyumbani. Alikaa kwenye benchi la nje, na dada yake alipomgusa mkono, aliutoa upesi kama aliyeungua.

"Siku moja tu," alisema. "Umeshindwa kuniachia hata siku moja?"

Dada akakaa mwisho wa benchi lile lile, mbali naye kidogo, akabaki pale.