Mama Mzazi, Mama Mdogo

Ilikuwa mwaka wa 2023, katikati ya mvua za masika, mjukuu wangu Rayhana alipotimiza miezi mitatu ya mimba yake ya kwanza. Tulimsindikiza kliniki watu wawili: mimi, bibi yake, mwalimu mstaafu, na binti yangu Kaltumu, fundi cherehani wa mtaa wetu wa Mbugangari, ambaye ndiye aliyemlea.

Muuguzi, Joanita, alimuuliza kama katika ukoo wake kuna mwenye kisukari, hasa mama yake.

"Mama ni huyu," Rayhana alijibu akimgusa Kaltumu begani. "Anakunywaka chai na sukari mingi, na bado iko na nguvu ya kunigombeza."

"'Ana nguvu,'" nilimsahihisha.

"Bibi, hata mbele ya muuguzi!"

"Mwache," alisema Joanita. "Hata mimi naogopa sarufi kuliko sindano. Basi niandike hakuna?"

"Andika hakuna," alisema Kaltumu, upesi mno.

Rayhana hakusema uongo. Kwetu dada wa mama ni mama, wala hakuna anayeongeza neno. Lakini aliyemzaa ni Zubeda, binti yangu mkubwa. Kisukari kilimpata akiwa na mimba ya Rayhana, hakikumwacha baada ya kujifungua, kikamuua wakati mtoto angali ananyonya. Rayhana alijua nani alimzaa. Hakujua alikufa kwa nini. Tangu mazishi, Kaltumu hakutaka Zubeda atajwe nyumbani, nasi tulinyamaza.

"Neno 'mama' lina maana zaidi ya moja," nilisema. "Bi Joanita, unamuulizia yupi?"

"Aliyemzaa. Ugonjwa huu hufuata damu. Ambaye mzazi wake aliugua yumo hatarini zaidi, hata akiwa mwembamba kama huyu. Si lazima augue, lakini hatumngojei afike miezi sita. Tunampima leo."

"Mama, hapa si darasani!" Kaltumu aliniambia, akatoka.

Nilimfuata barazani. Mvua ilikuwa ikipiga mabati kiasi cha kutulazimisha kusogeleana.

"Nisemee wewe," aliniomba.

"Sikusemei. Aliyemfungia dada yake nje ndiye atakayemfungulia."

"Nikisema leo, mama, kesho nitakuwa shangazi tu."

"Shangazi ni dada wa baba. Hutakuwa shangazi hata ukitaka."

Alicheka huku machozi yakimtoka. "Na akinichukia?"

"Akiwa hai atapata muda wa kukusamehe. Zubeda alikuachia mtoto umlee, hakukuruhusu umfute yeye. Una deni lake, Kaltumu."

Alijifuta uso kwa ncha ya mtandio, akarudi ndani, akaketi karibu na Rayhana na kumshika mkono.

"Bi Joanita, futa nilichosema. Mama mzazi wake ni Zubeda. Alipata kisukari akiwa na mimba ya huyu, nacho ndicho kilichomuua. Mimi ni mama mdogo."

Rayhana alimtazama. Hakuuondoa mkono wake. Ule mwingine alimnyooshea muuguzi, atoe damu.

"Alikuwa mutu gani?" aliuliza hatimaye.

Nilifumba mdomo nisimsahihishe.

"Mkaidi kama wewe," alijibu Kaltumu. "Akicheka, alikuwa anakaa chini kabisa. Siku uliyozaliwa alikataa mtu yeyote akubebe kabla yake..."

Akaendelea kumsimulia, akilitaja jina la dada yake tena na tena.