Zumari la Mkwe

Torquil MacAskill, fundi bomba wa Port Arvaig, alikuwa amepuliza zumari la mfuko kwenye bendi ya mji kwa miaka minane bila kutoa sauti hata moja.

Mambo yalianza hivi. Bendi hutembea watatu watatu, safu nne, na mwaka ule walikuwa kumi na mmoja tu. Safu ya mwisho ilibaki na pengo kama jino lililong'oka. Torquil alikuwa na kifua, alikuwa na mashavu, na miguu yake haikuitia aibu sketi ya miraba wanayovaa wanaume wa bendi. Alichokosa ni muziki. Effie Galbraith, kiongozi wa bendi, alimsikiliza jioni moja, akafumba macho, kisha akaiziba mirija yote ya zumari lake kwa vizibo vya chupa.

"Wewe tutumua mashavu, chezesha vidole, na usimwambie mtu," alimwagiza.

Na kweli hakumwambia mtu, hata mkewe Peigi. Kila tamasha la Julai, mji ulipojaa waimbaji wa Kigaeli kutoka visiwani na wacheza ngoma kutoka Bretania ng'ambo ya bahari, Torquil alipita barabara ya ufukweni kifua mbele, na Peigi akampigia makofi mpaka viganja vikawaka.

Mwaka huu, Ijumaa ya ufunguzi, alikwenda kutengeneza bomba lililovuja kwenye hema la chai. Ubaoni palibandikwa orodha ya wapigaji wa Jumamosi. Akaliona jina lake. Saa nane mchana. Peke yake.

"Nimekuandikisha mimi," Peigi alisema nyuma yake, akipaka siagi mikate ya shayiri. "Kesho Mama anatimiza miaka tisini. Nilimuuliza anataka zawadi gani, akasema anataka akusikie wewe."

"Mimi? Si tumnunulie shali?"

"Mashali anayo kumi na manne. Mkwe mpiga zumari anaye mmoja."

Torquil aliacha bomba likivuja, akaenda mbio kwa Effie. Effie alicheka mpaka akakalia ngoma.

"Usinicheke, Effie. Nakufa mimi!"

"Hufi. Utaaibika tu, na aibu haijawahi kuua mtu Port Arvaig, la sivyo mji huu ungekuwa mtupu." Akajifuta machozi. "Sikiliza. Nitajificha nyuma ya turubai la jukwaa, nipige mimi. Wewe fanya kama kawaida yako."

Torquil akakubali, akarudi kulimaliza bomba lake.

Jumamosi mvua ilikatika adhuhuri, visubi wanaouma wakatoka pamoja na watu. Bibi Dolina, mama yake Peigi, aliletwa kwa kiti cha magurudumu mpaka safu ya mbele. Haikumtosha.

"Nisogezeni. Bado. Sikuja kutazama magoti yake!"

Wakamsogeza mpaka akawa chini ya jukwaa kabisa. Akainamisha kichwa, akaweka kiganja nyuma ya sikio, akangoja.

Torquil aliutazama mkono ule nyuma ya sikio. Akainua vidole, vikagoma. Ndipo akalishusha zumari, akang'oa vizibo kimoja kimoja mbele ya uwanja mzima, akavitia ndani ya soksi.

"Mama, nisamehe kabisa," akasema, na akapuliza.

Mfuko ukaguna kama ng'ombe anayezaa. Kisha wimbo ukaanza, ule wa polepole aliouchezesha miaka minane. Vidole viliujua, ila havikuwahi kusikia makosa yao wenyewe. Nyuma ya turubai, Effie alidhani hiyo ndiyo ishara, akaanza naye, mbio. Wimbo mmoja ukawa mbili, zinafukuzana kama mbwa na paka. Wabretania wakaacha kutafuna. Effie akakatiza, akasikiliza, akaelewa. Akatoka hadharani uso umemwiva, akasimama kando ya Torquil, akaanza upya taratibu, akimngoja kila alipojikwaa, mpaka wakafika mwisho pamoja.

Bibi Dolina akasema kwa sauti kubwa ya mtu mwenye masikio mazito:

"Effie, vile vizibo viliwekwa lini?"

"Tangu mwanzo, Bibi."

"Miaka minane! Bendi ikipita nawasikia wote isipokuwa mkwe wangu. Nimebadilisha vifaa vya masikio mara tatu. Daktari nimemwita mjinga ana kwa ana!" Akaanza kucheka, shali likamdondoka, na uwanja mzima ukacheka naye.

"Nimepigaje, Mama?" Torquil akauliza.

"Vibaya, mwanangu. Hebu rudia pale katikati, siamini nilichosikia."

Akarudia. Pakawa vibaya zaidi, na bibi akapiga makofi.

Peigi hakucheka upesi hivyo. Alimngoja kwenye hema la chai, mikono kiunoni.

"Jumanne zote hizo mimi naosha vyombo, wewe unakwenda mazoezini."

"Ndiyo, mke wangu."

"Mazoezi ya nini? Ya kupumua?"

Peigi alijikaza, midomo ikamtetemeka, mwisho akashindwa. Akacheka huku ameshika nguzo ya hema.

Jumapili, bendi ilipofunga tamasha, Effie alimruhusu Torquil wimbo ule mmoja. Kwa nyimbo nyingine alitembea tu. Alikosea mara mbili, na Effie aligeuka kumtazama mara moja tu.

Jumanne iliyofuata alivaa koti kwenda mazoezini, akakuta kitambaa cha kukaushia vyombo kimetundikwa kwenye kitasa cha mlango.

"Anza na sahani," Peigi aliita kutoka sebuleni, "halafu sufuria. Effie nimeshamwambia utachelewa."