T. Kimeli Watatu

Mtu aliyetafuta kazi za Tecla Kimeli kwenye intaneti alikutana na mwanasayansi wa ajabu. T. Kimeli huyo alikuwa ameandika juu ya uyoga wa msituni, juu ya jeni za mmea wa chai, na juu ya namna ya kuwahudumia watu wanaofikishwa hospitalini na sumu mwilini. Kumbe walikuwa watu watatu, na tovuti ya makala za kisayansi ndiyo iliyowachanganya. Tecla mwenyewe alijua uyoga tu. Alikuwa mtafiti wa ikolojia katika kituo kidogo karibu na Kimulot, na mvua zikianza, kazi yake ilikuwa kuzunguka ukingo wa msitu wa Mau akiangalia ni uyoga gani umeota chini ya mti gani.

Aliwaandikia wenye tovuti mpaka akachoka. Wenzake walimtania kwamba akikosa uyoga atachuma chai, na akiugua atajitibu. Alicheka nao. Lakini siku alipoomba kupandishwa cheo, na profesa mmoja akamwuliza mbele ya watu kama anajipachikia kazi za wengine, hakucheka.

Asubuhi moja ya Aprili, mabuti yakiwa tayari miguuni, alipigiwa simu na daktari asiyemfahamu. Daktari huyo alijitambulisha kuwa Antony Mosoti, wa hospitali ndogo upande wa Bomet. Wodini mwake alikuwa na Yunia, mama mchuma chai, pamoja na mumewe Nyabuto na binti yao Esnah. Walikuwa wametapika na kuharisha jana kutwa. Leo wametulia, wanakunywa uji, wanataka kwenda nyumbani. Hata hivyo roho yake haikutulia, ndipo akaingia kwenye intaneti kutafuta bingwa wa sumu.

"Nimesoma makala zako, Daktari," alisema. "Niambie niwaachilie ama niwazuie?"

Tecla alifungua mdomo aseme maneno aliyoyazoea, kwamba huyo siye yeye. Akasikia anauliza, "Walikula nini?"

"Uyoga. Waliupika juzi jioni."

Akaketi. Akauliza walianza kutapika lini, akaambiwa walilala vizuri na kuamka na maumivu alfajiri. Hapo akaomba picha ya uyoga huo. Uyoga unaomchafua mtu tumbo humchafua upesi; ule unaokawia ndio wa kuogopwa. Yunia alikuwa amebakiza kidogo kwenye beseni nyumbani, na jirani akatuma picha. Kofia ya rangi ya majani yaliyopauka, pete shingoni, na chini kabisa, kwenye shina, kitu kama kifuko kilichopasuka. Tecla alikuwa ameutafuta uyoga wa namna hiyo kwa misimu mingi. Alijionea haya kwa furaha iliyompitia, maana watu watatu walikuwa kitandani kwa sababu ya uyoga huo.

Lakini kujua uyoga si kujua kutibu. Akatafuta namba ya Truphena Kimeli, daktari wa dharura kule Eldoret, ambaye barua zake zilikuwa zikipotelea kwa Tecla mara kwa mara. Hakuna aliyewahi kusikia sauti ya mwenzake. Truphena alishika simu upesi, akasikiliza bila kumkatiza.

"Wajina," alisema mwishowe, "mwambie huyo daktari asiwaachilie. Hata wakicheka. Wakitulia hivyo ndipo ini linapoliwa."

Wakamwunganisha Mosoti kwenye simu hiyohiyo. Truphena akamweleza maji ya mshipani, dawa ya kuanza nayo papo hapo, na vipimo vya ini. Kisha akaagiza familia yote ihamishiwe hospitali kubwa kwa ambulensi. Yunia, Mosoti alisimulia baadaye, alikataa kupanda, akisema hawezi kupotezewa siku ya kuchuma kwa ugonjwa uliokwisha. Majibu ya kwanza ya damu yalipotoka na Mosoti akamwonyesha, alipanda mwenyewe.

Ilibaki dawa moja adimu, na waliokuwa nayo Nairobi hawakutaka kuitoa kwa kubahatisha. Kuna uyoga mwingine unaofanana na huo, usioua, nao walitaka uhakika. "Mtu wa jeni tunaye," Tecla alimwambia Truphena, na sauti yake mwenyewe ikamshangaza. Alipitia nyumbani kwa Yunia, akafunga mabaki ya beseni kwa karatasi, akaendesha gari mpaka Kericho, kwenye maabara ya chai alikofanya kazi Titus Kimeli.

Titus alikuwa mrefu, mpole, amevaa koti jeupe lenye madoa. Tecla alipotaja jina lake mwenyewe, alimtazama kidogo kisha akaangua kicheko. Naye alikuwa amechoka kuulizwa habari za uyoga. Alisikiliza yaliyobaki bila kucheka, akaondoa sampuli zake za chai kwenye mashine na kusema hizo zitasubiri.

Alasiri ya pili akatoka mlangoni na karatasi mkononi. Akamwonyesha mstari wa mwisho. Tecla alikimbia nje ya jengo ili apate mtandao, karibu ateleze kwenye ngazi, akampigia Truphena, na wote wawili wakawa wanaongea kwa pamoja bila kusikilizana. "Ni wenyewe!" Jioni hiyohiyo dawa ilianza safari kutoka Nairobi.

Siku zilizofuata, Mosoti alituma majibu ya ini kila yalipotoka hospitali kubwa, na Tecla akayasubiri kama mtu anayesubiri matokeo ya mtihani. Nyabuto alitangulia kupata nafuu. Yunia akafuata. Esnah alizidiwa kwanza. Kisha vipimo vyake vikaanza kushuka polepole, na asubuhi moja akaomba chapati.

Makala ambayo akina Kimeli watatu waliiandika pamoja na Mosoti ilimtatiza mhariri, aliyeuliza kwa upole kama jina lilirudiwa kwa bahati mbaya. Titus ndiye aliyemjibu, kwa furaha kubwa.

Mvua ziliporudi, Yunia aliwapeleka wote mahali alipouchuma. Aliuona unafanana na ule unaoliwa kwao Nyamira, aliwaambia njiani, na hakuna aliyemlaumu. Palikuwa na mstari wa miti ya kigeni iliyopandwa kati ya mashamba ya chai na msitu. Truphena alikuwa na viatu vya mjini. Tecla alikwenda mbele akiinama, akifunua majani makavu kwa kijiti, akieleza kwamba huenda uyoga huo ulikuja na mizizi ya miche, na kwamba kama ni hivyo, kila mstari wa miti hii toka hapa mpaka Sigor lazima ukaguliwe kabla ya watu kuanza kuchuma.

Akasimama ghafla. Kichwa kidogo cheupe, kingali ndani ya kifuko chake, kilikuwa kinasukuma udongo, na kingine kando yake.

"Njooni," aliita. "Msikanyage. Njooni muone."

Wakaja, wakapiga magoti matopeni, Yunia akiwa wa kwanza.